Usiku wa Ijumaa

Wiki iliyopita tulimwacha Mwalimu Leokadia barazani kwa misheni, kaganda kama nguzo, jua likizama nyuma ya mapaa ya makuti ya Ng'ambo. Kilichomgandisha si nyoka wala jini. Ni kauli ya Bi Mwatum, mama wa Makunduchi, ambaye mwanawe yuko rumande akingoja hukumu ya kuchoma nyumba. Bi Mwatum aliinua macho mbinguni akasema, "Leo usiku wa Ijumaa, mwanangu."

Na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Mbona umepigwa na bumbuwazi, Mwalimu?" akauliza yule mama. "Nimesema kibaya?"

"Hapana, Bi Mwatum. Hebu nambie tena. Leo usiku wa nini?"

"Alaa! Mwalimu mzima! Jua si hilo limetua? Basi Alhamisi ishakwenda zake. Leo usiku wa Ijumaa, kesho mchana wa Ijumaa. Ama huko skuli kwenu mnafunzwa kuanza siku katikati ya usingizi?"

Bi Mwatum akacheka. Leokadia hakucheka.

"Usiku kama huu ndio tuliomsomea hitima marehemu babake Simai," mama akaendelea. "Simai kakaa mkekani, juzuu mkononi, kijiji kizima kinamwona. Nshayasema yote hayo kwa hakimu, nawe ukanisemea kwa Kizungu. Kesho mwanangu anatoka. Mungu akulipe, mwanangu, mie sina cha kukulipa ila hiki."

Akamwekea mikononi mkeka mpya, ukili wa rangi, harufu ya majani ya mwaa bado imo. Aliusuka mwenyewe, kwa macho yake mabovu.

Leokadia aliupokea. Lau angepewa kaa la moto, lisingemchoma kama mkeka ule.

Msomaji, aliyekosa matoleo ya nyuma asihangaike. Kisa chenyewe hiki.

Nyumba ya mjane Yuliana, muumini wa kigango cha Mtakatifu Perpetua, iliteketea Alhamisi baada ya isha. Mjane alitoka na kanga aliyojifunga, basi. Akakamatwa jirani yake Simai, hamali wa gati, aliyekuwa hakosi kugombana naye kwa sababu ya tembo la mnazi ambalo mjane aliliuza mlangoni. Watu walimsikia Simai akisema: "Ipo siku kibanda hiki kitaungua, na mimi maji sileti."

Kamati ya Haki ya kigango ikasimama na mjane. Kazi yake ndiyo hiyo, kusimama na mnyonge. Na mkalimani wa mahakama alipougua, hakimu Mwingereza akaiomba misheni imwazime mtu wa lugha. Akapelekwa katibu wa Kamati: Leokadia.

Hakimu aliuliza mshitakiwa alikuwa wapi usiku ule wa moto. Leokadia akamgeukia Simai: "Usiku wa Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Kwangu hapo Ng'ambo," Simai akajibu. "Nimelala."

Alisema kweli tupu. Kwa Simai, kama kwa kila aliyenyonyeshwa Unguja, usiku wa Alhamisi ni ule unaotangulia Alhamisi. Alipoulizwa usiku mmoja, akajibu mwingine.

Kisha mama yake: "Usiku wa Ijumaa mwanangu alikuwa kwangu Makunduchi, hitimani." Nao ndio usiku wa moto wenyewe! Lakini Leokadia aliutafsiri Kizungu, ukawa usiku unaofuata Ijumaa, yaani kesho yake. Hakimu akaandika kwamba mtu huyu alikuwapo mjini nyumba ilipoungua, na kesho yake akakimbilia shamba kwa mamake.

Kweli mbili, zikafungwa pamoja, zikawa kamba ya kumfungia Simai.

Mtasema ni kosa la bahati mbaya. Leokadia naye angependa kusema hivyo.

Ila chumbani mwa hakimu, siku ile, alisita. Neno "usiku wa Ijumaa" lilipomfika sikioni, kitu ndani yake kilisema: Leokadia, unajua maana yake. Kazaliwa Ng'ambo, kalelewa Ng'ambo, majirani wote Waislamu. Alijua. Lakini aliwahi kuchapwa skuli kwa neno hilo hilo, Sista akimwambia siku huanza saa sita ya usiku na asemaye vingine ni mshamba. Tangu hapo akawa yeye ndiye anayewasahihisha wenzake. Mbele ya hakimu, na karani mgeni aliyeletwa juzi kutoka Nairobi, na mjomba wake akimtazama kwa fahari, aliona aibu ya kusimama aeleze mambo ya kishamba. Akajisemea moyoni, shauri lao, wajifunze kusema.

Shauri lao! Na kesho asubuhi hukumu inasomwa.

Alimuaga Bi Mwatum bila kukumbuka alivyomuaga. Akaukunja mkeka kwapani, akakimbia.

Mjomba Anselmi alikuwa darasani, anafuta ubao. Huyu ndiye mwalimu mkuu wa skuli ya misheni na mwenyekiti wa Kamati ya Haki. Ndiye pia aliyemlea Leokadia tangu mama yake kufariki, akamsomesha mpaka akapata cheti cha ualimu. Na kumbuka, msomaji, ndiye shahidi pekee aliyeapa kwamba alimwona Simai akitoka mbio penye moto.

"Mjomba, nimemfunga mtu asiye na kosa."

Anselmi alisikiliza kisa chote bila kugeuka. Kitambaa kiliendelea kufuta mahali pamoja, mahali pasipokuwa na chaki.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Basi nyamaza hapo hapo."

"Ninyamaze vipi? Kijiji kizima kilikuwa hitimani!"

"Kijiji kizima ni ndugu zake."

"Lakini wewe mwenyewe, Mjomba, ulimwona kweli? Kama alikuwa Makunduchi, ulimwona nani?"

Kitambaa kikasimama.

"Leo," akamwita taratibu kwa jina lake la nyumbani, "nani aliyekuvisha viatu vya kwanza?"

"Ni wewe, Mjomba."

"Nani aliyekuuguza ndui?"

"Wewe."

"Basi nisikilize. Tumeijenga Kamati hii kwa taabu. Makuli wanatuamini. Wajane wanatuamini. Hata Waislamu sasa wanabisha hodi. Kesho ukisimama useme katibu wa Kamati ya Haki kapotosha maneno ya mahakama, nani atakuja tena? Hukumu itampata mtu mmoja. Aibu hii itawapata maskini wote wa Ng'ambo."

Maneno mazuri! Leokadia alikaribia kuyashika. Ndivyo dhambi inavyofanya, haiji na pembe, huja imevaa joho la ualimu.

"Na mtu mmoja huyo, Mjomba, si maskini wa Ng'ambo?"

Anselmi akageuka sasa. Uso wake ulikuwa umezeeka kwa dakika ile moja.

"Kuna makuti, Leo, ukivuta moja unashusha paa zima. Mwache Simai. Nakuomba. Sikuamrishi, nakuomba."

Hajawahi kumwomba kitu maisha yake yote. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Padri Kornelio. Padri alikuwa ndiye aliyeianzisha Kamati. Miaka mingi Unguja, Kiswahili chake kizuri ila herufi za koo humshinda. Kauli yake kila Jumapili ni moja: "Haki haina ubatizo." Ndiyo sababu Kamati ilikuwa ikiingia kila kibanda, chenye msalaba na chenye msahafu.

Alimkuta ukumbini kwake, kakaa mbele ya chai iliyopoa, mkono wa kulia umefungwa kitambaa cheupe. Tangu wiki ile ya moto alikuwa akiwaambia watu jiko la mafuta lilimlipukia.

"Baba, nataka kuungama."

"Kanisani, au hapa?"

"Popote. Nimesema uongo kwa lugha mbili."

Akamweleza. Hakujitetea. Alipofika pale penye "shauri lao", alilazimika kuanza tena.

Padri akaisogeza chai kando. Rangi ilikuwa imemwondoka usoni, kabaki mweupe kama kanzu yake.

"Kwa hiyo Simai hakuwapo mjini kabisa," akasema.

"Hakuwapo, Baba."

"Hata karibu?"

"Alikuwa Makunduchi, anasoma hitima ya babake."

"Mungu wangu." Akaushika ule mkono uliofungwa kana kwamba umeanza kuuma upya. "Mimi nilijiaminisha... Anselmi aliapa. Nilisema moyoni, Anselmi kaona."

"Mjomba anataka ninyamaze. Nifanye nini?"

"Unaniuliza ili nikuruhusu kusema, ama nikuruhusu kunyamaza?"

Leokadia akainamisha kichwa. Swali lilikuwa limempata penyewe. Alikuja akitumaini kuambiwa piga magoti, sali rozari, umesamehewa, nenda ukalale.

"Siwezi kukuondolea dhambi hii hapa," Padri akasema. "Iko mahakamani. Nenda ukaiondoe huko huko." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, hata Leokadia hakujua kama anaambiwa yeye: "Mmoja wetu lazima aseme."

Mmoja wetu! Leokadia alidhani amesema hivyo kwa wema, kama padri anavyojihesabu na wenye dhambi. Likae hapo hilo neno, msomaji. Usilitupe.

Asubuhi ya Ijumaa mahakama ilijaa. Benchi za mbele wamekaa watu wa kigango, mjane Yuliana katikati na kanga ya kuazima. Upande wa pili watu wa Makunduchi, kanzu zimepigwa pasi, Bi Mwatum katika buibui lake. Alipomwona Leokadia akampungia mkono kama anayempungia binti yake siku ya harusi. Padri Kornelio alikaa benchi la nyuma kabisa, peke yake. Mjomba Anselmi alikaa penye kiti cha shahidi, wima, ameshika kofia mapajani.

Simai akaletwa kizimbani. Mrefu, mabega ya gati, amekonda.

Hakimu akavaa miwani. "Mshitakiwa Simai bin Pandu..."

"Bwana Hakimu!"

Leokadia hakujua kama ni yeye aliyepiga kelele mpaka alipojikuta amesimama.

"Kaa chini, binti. Utaitwa."

"Siwezi kukaa, Bwana Hakimu. Nilitafsiri vibaya."

Minong'ono ikavuma. Hakimu akagonga meza. Leokadia akaeleza kwa Kiingereza, haraka, kabla moyo haujamsaliti. Usiku wa Unguja unautangulia mchana wake. Jua likizama, siku imekwisha. Usiku wa Ijumaa wa Bi Mwatum ndio Alhamisi usiku ya Bwana Hakimu. Usiku wa hitima ndio usiku wa moto. Usiku mmoja!

Hakimu aliivua miwani polepole.

"Hilo hukulijua siku ile?"

Mlango huo hapo, msomaji, uko wazi. Neno moja tu: sikujua. Mjomba alikuwa akimtazama, midomo yake inamwomba aliseme. Angelisema, Simai angetoka, naye angebaki mwalimu, katibu, fahari ya Kamati.

"Nililijua," akasema.

"Ukakosea, au ukadanganya?"

"Niliona haya kulieleza. Nikaacha likapita."

Hakimu akawa mwekundu hadi masikioni. "Basi yaseme hayo hayo kwa Kiswahili. Mshitakiwa ana haki ya kusikia, na mama yake."

Hiyo ndiyo adhabu ambayo hakuna kitabu cha sheria kilichoiandika. Kwa Kiingereza aibu yake ilikuwa imevaa nguo. Kwa Kiswahili ikasimama uchi.

Akamgeukia Bi Mwatum. "Bi Mwatum. Ulisema usiku wa Ijumaa. Nami nikijua maana yake, nikasema vingine. Mwanao amekaa ndani kwa sababu yangu."

Simai akacheka kicheko kikavu. "Kumbe! Nami usiku kucha nikijiuliza, hawa wamenifanya jini, nilale Ng'ambo na nisome Makunduchi kwa mara moja?"

Hata askari akatabasamu. Bi Mwatum hakutabasamu. Mkono ule uliopunga ulikuwa umerudi ndani ya buibui.

"Mkeka wangu uko wapi?" akauliza.

"Upo nyumbani, Bi Mwatum."

"Nautaka."

Maneno hayo tu. Leokadia aliyameza kama mwiba wa samaki, hauteremki wala hautoki.

Hakimu akatangaza kwamba hukumu haisomwi, ushahidi unafunguliwa upya, na mkalimani huyu hafai. Lakini mwingine yuko wapi? Yule wa mahakama bado mgonjwa. Karani wa Nairobi Kiswahili chake kinamtosha kununulia ndizi. Hakimu akauliza kama mama wa mshitakiwa anamkubali mtu mwingine yeyote mle ndani.

Bi Mwatum akasimama. Watu wakampisha.

"Aseme huyu huyu."

"Huyu aliyekudanganya?"

"Ndiye. Nshamtazama. Angetaka kujificha pale angejificha, na hakujificha. Leo neno limemuunguza mdomo, hatalichezea tena." Akamnyooshea kidole Leokadia. "Haya, mwalimu. Nina suala moja. Lichukue kama lilivyo, usilipake asali. Muulize yule bwana aliyeshika kofia: mwanangu alikuwa kwangu, sasa yeye alimwona nani?"

Suala lile lile Leokadia alilomuuliza mjomba jana darasani, likazimwa kwa viatu na ndui. Na sasa lazima alipeleke, kwa mdomo wake, kwa mtu aliyemfundisha mdomo huo kusoma.

Akalipeleka. Neno kwa neno, kwa Kiingereza, macho kwenye ukuta.

"Mwalimu Anselmi," hakimu akasema, "uliapa kwamba ulimwona mshitakiwa."

Anselmi akasimama. Kofia ilimponyoka, hakuiokota. Mtu huyu akisema Kiingereza kizuri kuliko Waingereza wenyewe, ila alipofungua kinywa kilitoka Kiswahili, kana kwamba kile cha kuazima kilikuwa kimekwisha.

"Sikumwona Simai. Niliona mtu wa kanzu nyeupe."

Mahakama ikalipuka. "Kanzu nyeupe!" akafoka mzee mmoja wa Makunduchi. "Unguja hii nani hana kanzu nyeupe? Si utufunge sote!"

Hakimu akagonga, akagonga tena. Leokadia akatafsiri.

"Muulize," hakimu akasema, "kama kila mtu ana kanzu nyeupe, kwa nini alimtaja huyu?"

"Mjomba," Leokadia akasema. "Kwa nini ulimtaja Simai?"

Anselmi alimtazama mpwa wake, na machozi yakamshuka bila kelele, mbele ya wanafunzi wake wa zamani wote.

"Kwa sababu sikuweza kumtaja niliyemwona. Kanzu ile, Leo, ilikuwa na kamba nyeusi kiunoni."

Hakuna Mwislamu wa Unguja anayefunga kamba nyeusi juu ya kanzu yake. Watu wa kigango walijua nani anayeifunga. Wamemwona nayo kila Jumapili.

Leokadia alilichukua neno lile kama lilivyo. Hakulipaka asali. Lakini hakulifikisha mwisho, kwa sababu benchi la nyuma lililia, na vichwa vyote vikageuka.

Padri Kornelio alikuwa amesimama, anafungua kile kitambaa cheupe cha mkono ulioungua.